Siku Niliyokukabidhi kwa Mjerumani

Zuhura mwanangu,

Sitakuuliza hali, maana nakusikia hapo chumbani unagombana na zipu ya begi, na mama yako anakuambia ulikalie ndipo lifunge. Kwa hiyo u mzima. Mie nami mzima wa mwili, ila kichwa changu tangu Jumapili ile hakijarudi mahali pake.

Mambo ya koti, soksi na dawa ya mafua mama yako kakueleza mpaka na mie nimeyakariri. Sina la kuongeza hapo. Ninaandika kwa sababu mdomo umenishinda. Unanijua, mie ni mtu wa maneno. Msibani nasema mie, harusini nasema mie, hata kikao cha mtaa cha maji ya bomba mwenyekiti ananyamaza nasema mie. Lakini siku hizi kila nikikuita nikuambie jambo, najikuta nimekuuliza kama umekula. Jana umenijibu "nimekula, baba" mpaka ukaanza kunitazama kama mgonjwa. Ni kweli, ni mgonjwa. Nimepigwa na butwaa na halijaniachia.

Nianze pale nilipoanzia kukosea. Uliniambia. Hilo nalikubali, na mama yako ni shahidi, anasema uliniambia zaidi ya mara moja. Ulirudi kutoka chuoni mvua imekunyeshea, ukasimama hapo mlangoni unachuruzika maji, ukasema, "Baba, chuo chetu kina ushirikiano na chuo kimoja cha ufundi cha Ujerumani. Wanabadilishana watu. Wamenichagua mie niende mwaka mzima." Ukaendelea kueleza, na mie masikio yalikuwa yameshajifunga. Nilibaki na maneno mawili tu: chuo, na Ujerumani.

Alfajiri yake, watu wanavaa viatu pale msikitini, nikatangaza: binti yangu anakwenda kusoma Ujerumani! Mzee Shomari, si unamjua anavyochokonoa, akaniuliza, "Anasoma nini tena? Si kamaliza, si ndiye anafundisha wenzake pale karakana?" Nikamwambia, Shomari, elimu haina mwisho, na ufundi wenyewe asili yake ni kwa hao. Reli ya kati kajenga nani? Yale majengo ya zamani kule mjini, kuta zake nene namna ile, kajenga nani? Kazi ya Mjerumani hiyo! Kamwe haibomoki. Akajiondokea zake anacheka kichinichini. Kumbe Shomari, ambaye hata mtoto wa kuzaa hana, alikuwa anaijua kazi yako kuliko mie.

Halafu nikaanza kukuusia. Ukifika kaa mbele. Mwalimu usimkodolee macho. Usijibu mpaka uulizwe. Ulikuwa unafungua mdomo, halafu unaufumba, unasema, "Sawa, baba." Nikasema moyoni, mtoto ana adabu huyu, nimelea. Adabu gani! Ulikuwa umechoka kunirudia.

Basi ikaja Jumapili.

Mama yako kapika pilau la harusini kabisa, kachumbari, ndizi mbivu za kuungwa kwa nazi. Mkuu wa chuo chenu kaja na yule Mwalimu Karin wa chuo cha Ujerumani, ambaye alikuwa amefikia gesti moja Sinza na macho mekundu kwa kukoseshwa usingizi na muziki wa baa ya jirani. Nilitegemea mzungu wa kutafsiriwa. Hee! Mama wa watu anazungumza Kiswahili cha Tanga, alifundisha huko ujanani, kimenyooka kuliko hiki changu cha Buza. Akanipa shikamoo. Nikaitika marahaba, ingawa ukituhesabia miaka sijui nani angemwamkia mwenzake. Akala kwa mkono, akaomba pilipili iongezwe. Mama yako akanikonyeza, maana yake huyu ni wetu.

Nami nilikuwa nimejiandaa. Kanzu nimepiga pasi, koti nimelikung'uta. Tulipomaliza kula nikasimama, nikakohoa, nikakushika mkono nikauweka kwenye mkono wake. Nikasema, "Mwalimu Karin, huyu ndiye binti yangu. Kuanzia leo ni wako. Nyama yako, mifupa yangu."

Akauliza kwa upole, "Maana yake nini, mzee?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema ni salamu tu za Kiswahili. Lakini mie? Nikamfafanulia mpaka tone la mwisho. "Maana yake mchape. Akizembea mchape, akijibu mchape. Nyama ikitoka ni halali yako, sitakuja kukuuliza. Mie nirudishie mifupa tu, ikiwa na elimu." Na nikacheka.

Nilicheka peke yangu. Mkuu wa chuo alikuwa anaangalia ndani ya glasi ya soda utadhani kadondosha kitu. Mama yako kaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Mwalimu Karin hakuwa ameuachia mkono wako. Akasema, "Mzee, nafikiri kuna jambo hujaambiwa. Sijaja kuchukua mwanafunzi. Nimekuja kuomba mwalimu."

Nikauliza, "Mwalimu yupi?"

Akasema, "Huyu."

Zuhura, nilitazama nyuma yangu. Wallahi nilitazama nyuma, nikidhani kuna mtu mwingine kaingia.

Akaeleza taratibu. Chuoni kwao kusuka mota walishaacha kufundisha. Pampu ikiungua inatupwa, inanunuliwa nyingine, ndiyo desturi waliyoizoea. Sasa vijana wao wenyewe wamechoka kutupa, wanataka kujua kufumua waya na kuusuka upya, na mzee aliyekuwa akilifundisha somo hilo kastaafu hana mrithi. Ndipo wakaomba kwa chuo chenu, na chuo kikakutaja wewe. Mwakani vijana wao watakuja huku nao, wakae kwenye nyumba zetu, wajifunze kwenye karakana zetu. Yeye anaeleza, mie nimeganda. Yarabi toba! Mjerumani! Aliyejenga reli! Kaja Buza, kavuka madimbwi ya barabara yetu, kuniomba mwanangu akawafundishe watoto wake, na mie nimemwambia amchape!

Halafu akaniuliza swali. Hakuniuliza kwa ukali. "Wazazi wa wanafunzi wetu nao watamkabidhi Zuhura watoto wao. Sasa mzee, na wao nyama iwe yake?"

Mtu mwenye akili angesema samahani, nimeteleza. Mie nikapanda juu. Nikamwambia mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nikamwambia samaki mkunje angali mbichi. Nikaona bado haijatosha, nikatoa ile hadithi yangu ambayo mmeisikia mpaka mnaijua kwa moyo: baba yangu alivyonishika mkono akanipeleka Tandika kwa fundi wa redio na mota, akatamka maneno hayohayo, nyama yako, mifupa yangu. Na yule bwana alivyonichapa! Kwa waya! "Na leo," nikasema, kifua mbele, "nimekuwa mtu."

Mwalimu Karin akatikisa kichwa. Akauliza, kama mtu yeyote angeuliza, "Kwa hiyo wewe mzee ni fundi wa nini?"

Nikatafuta jibu, jibu hakuna. Mama yako ndiye aliyejibu, tena polepole, "Alikuwa mtunza stoo kiwandani. Anawagawia mafundi spana."

Mwanangu, hadithi ile nimeisimulia miaka yote. Kwenye misiba, kwenye vijiwe, mbele yenu nikiwa na fimbo mkononi. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali lile, na mie mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Hadithi yangu ilikuwa inaishia kwenye kipigo, kisha nasema nimekuwa mtu, watu wanaitikia. Ukweli ni kwamba nilitoroka. Nilitoroka kwa yule fundi kabla sijajua hata kuunganisha waya na waya, nikamdanganya baba kwamba kahama. Sikutaka kuacha. Nilikuwa naipenda ile kazi, naipenda mpaka harufu ya risasi ya kuungia waya ikiyeyuka. Lakini nikiiona nyumba yake kwa mbali, nageuza njia. Nikaishia kuwa mtu wa kutoa spana dirishani na kuzipokea jioni, na kuwatazama wenye kazi wakienda nazo.

Mwalimu Karin akakugeukia wewe. "Na wewe Zuhura, ulilelewa hivyo?"

Nilitegemea utasema "kidogo tu, mwalimu," au "zamani." Ukasema, "Ndiyo, mwalimu. Lakini darasani kwangu sijainua mkono." Basi. Hukunitazama wala hukunisema. Ningependa ungenisema.

Walipoondoka, mama yako akaosha vyombo kwa kelele kubwa. Nikaenda jikoni nijitetee. Akanigeukia na mwiko mkononi: "Umemtoa mtoto kama mbuzi! Tena afadhali mbuzi wa akika anayechinjiwa mtoto mchanga, yule hata mifupa yake haivunjwi." Nikatoka nje. Kuna maneno ya mama yako ukiyajibu unajiongezea.

Nikadhani yameisha. Hayakuisha. Katikati ya wiki mkuu wa chuo akapiga simu: safari yako imesimama. Chuo cha wenzetu hakimpokei mwalimu anayeinua mkono kwa mwanafunzi, na Mwalimu Karin, baada ya yale aliyoyasikia kwenye nyumba uliyokulia, hawezi kukuchukua kwa maneno matupu. Anataka akuone ukifundisha kwa macho yake ndipo aamue. Miaka uliyohangaika, usiku unarudi vidole vimechanika kwa waya, wavulana wa mtaani wanakuita fundi dume, na mie baba yako nimekuja kuyamaliza yote kwa sentensi moja, tena nikiwa nimevaa kanzu safi!

Hukupiga kelele. Ulichukua ovaroli lako ukalifua, na lilikuwa safi. Ukalianika. Nilikuwa nimekaa hapa barazani nakuona unalikung'uta, na nilitaka kusema nisamehe, nikasema, "Umekula?"

Siku ya wewe kutazamwa ukifundisha, nikaja chuoni. Hakuna aliyenialika. Nilimwomba mkuu niketi tu, akasema nikae kwenye benchi la mlangoni na nisitie neno. Nikaapa. Nilikuwa sijawahi kukanyaga ndani ya karakana yenu, unaamini? Miaka yote nakuja mpaka getini, nakuacha, nageuza. Nilipoingia na kuona zile meza, mota zimefunguliwa matumbo, koili za shaba zinang'aa, na vijana wanakuita "mwalimu, mwalimu" kutoka kila pembe, nilisahau kwamba nimekuja kuketi.

Karibu na benchi langu alikuwa yule binti mdogo, Neema. Alikuwa kaisuka mota ya pampu tangu asubuhi, kajiinamia, ulimi nje. Wewe ulikuwa meza ya mbali na wengine. Akaona amemaliza, akaona afadhali akushangaze. Akaiunganisha na umeme bila kukuita uikague.

Moshi ukafuka. Ile harufu ikajaa, vanishi na shaba, kazi ya asubuhi nzima imekuwa mkaa.

Na mkono wangu ulikuwa juu.

Sijui nikuandikieje hili ulielewe. Sikuwaza. Sikukasirika hata. Mtoto wa watu, simjui, hajanikosea, mota si yangu, chuo si changu, na nimeapa kukaa kimya. Lakini mkono ulishapanda wenyewe, umefunguka kiganja, unasubiri kushuka. Na Neema alikuwa ameshajikunyata, kaingiza kichwa mabegani, kafumba macho. Hakuwa ananijua mie ni nani. Alikuwa anaujua mkono.

Nikaona Mwalimu Karin ananitazama. Nikasema kimoyomoyo, basi, nimekwishammaliza mwanangu.

Ukaja. Ulizima umeme kwanza, halafu ukaja, ukanishika kifundo cha mkono ukaushusha kama mtu anavyoshusha sufuria ya moto. "Baba, naomba ukae." Mbele ya darasa zima. Nikakaa! Mie niliyekuwa nikikohoa tu nyumba inanyooka, nimeambiwa kaa, nikakaa.

Halafu ukamgeukia yule binti. Nilijua angalau maneno makali yatakuja, na alistahili. Ukamuuliza, "Umeisikia harufu?"

"Nimeisikia, mwalimu," analia.

"Ishike hiyo harufu. Siku nyingine utaisikia kabla ya moshi. Lete kiti, tufumue, tutafute ulipokosea."

Ukakaa naye. Wenzake wakasogea, hakuna aliyecheka. Mkafumua waya ule ulioungua, mzunguko kwa mzunguko, na machozi yake yakakauka hajayafuta. Mara nikamsikia anauliza swali. Akauliza na lingine. Halafu akakubishia! Kaharibu kitu cha watu na anambishia mwalimu, na mwalimu anamwambia, "Ehee, hapo una pointi." Nilishangaa mpaka nikasahau kufunga mdomo. Mie kwa yule fundi wa Tandika sikuwahi kuuliza hata swali moja. Nilikuwa najifunza jambo moja tu pale, yuko wapi na waya uko wapi.

Mwalimu Karin akaja akaketi benchini kwangu. Akasema, "Mzee, umeona?" Nikasema nimeona. Akainuka akaenda kwa mkuu, wakakuita, na mliporudi wote mnacheka ndipo nikajua safari ipo. Sikuweza kucheka. Furaha nilikuwa nayo, tena kubwa, ila mshtuko ulikuwa umekalia juu yake.

Sasa tufike kwenye bajaji tuliyopanda kurudi nyumbani.

Wewe unakumbuka nilichokuuliza, lakini hukujua kwa nini nimekuuliza. Nilitaka kujua ni nani wa kumshukuru. Nikawaza utasema walimu wa chuo, au utasema mama. Nikauliza, "Zuhura, nani kakufundisha kufundisha namna ile?"

"Wewe, baba."

Na mie mjinga nikatabasamu. Nikakaa vizuri. "Mie?"

Ukasema, "Ndiyo. Kila ulipokuwa unanichapa nilikuwa najiambia, ningekuwa mie ningeuliza kwanza. Ningekuwa mie ningekaa naye. Nilikuwa nakusuka upya kichwani, baba. Ndivyo nilivyojifunza."

Hukusema kwa hasira. Ulisema kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Yule dereva wa bajaji, aliyekuwa kafungulia singeli mpaka vioo vinatetemeka, akapunguza sauti. Hata yeye!

Nimechapwa na fundi, nimechapwa shule, nimechapwa na baba mpaka nimezimia. Sijawahi kupigwa kama nilivyopigwa kwenye bajaji ile. Na mkono wako ulikuwa umetulia gotini, umeshika kimfuko cha karanga, ukanikaribisha.

Tangu hapo yananirudia mengi. Unaikumbuka feni ya sebuleni? Ulikuwa darasa la tano au la sita. Nimerudi kazini nimeikuta imefumuliwa chini, vyuma kila mahali, na wewe katikati yake umekaa mkao wa kula. Nilikuchapa mpaka jirani akagonga. Kesho yake feni ikawa inazunguka, nikajua mama yako kaita fundi. Juzi tu, baada ya bajaji, ndio nikamuuliza ni fundi gani yule. Akanitazama kwa huruma. "Fundi gani? Aliirudisha mwenyewe, wewe uko kazini. Mkono umevimba, anafunga skrubu kwa huo mwingine." Na hiyo feni nimelala chini ya upepo wake miaka yote hii! Kwa nini sikuuliza? Nilipoiona imefumuliwa kwa nini sikusema neno hili dogo, unafanya nini, mwanangu? Lingenigharimu nini?

Nikikuandikia haya si kwamba nataka unionee huruma. Wala usijilazimishe kusema yameisha, baba, yamepita. Yakae. Wewe umeyafanyia kazi kuliko mie. Ila nina wasiwasi mmoja, na huu ndio usia wangu kama unataka usia. Mkono wangu ulipanda wenyewe. Nami nilirithi kwa baba, na baba alirithi kwa nani sijui. Usije ukadhani kwa kuwa hujauinua basi wako haumo. Kutakuwa na siku huko, baridi imekuingia mifupani, lugha imekukwama, kijana wa watu anakuchekea matamshi, umewakumbuka wa nyumbani, na kakuunguzia kazi kwa makusudi. Siku hiyo utausikia unaanza kupanda. Hata kama ni kwa ulimi, maana kuna ulimi unaochapa kuliko waya. Ukiusikia, usiogope na usijione mbaya. Zima umeme kwanza, kama ulivyofanya siku ile. Mengine unayajua.

Na ukiunguza wewe mbele yao, kwa sababu utaunguza, usifiche. Mie nilificha kila nilichoshindwa nyuma ya fimbo, na unaona nilipofika: nimeulizwa na mgeni mie ni fundi wa nini, nikakosa la kusema kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Radhi zangu unazo. Nilitaka nizitamke kesho uwanja wa ndege, ila nimejijua, nitakuuliza kama umekula. Kwa hiyo zichukue hapa. Unazo zote, na ulikuwa nazo hata siku ambazo hukuziona. Ukawafundishe watoto wa watu. Nasikia fahari, na nasikia aibu, na nimeacha kuzitenganisha.

Jambo la mwisho, nalo mama yako hajui bado, usimwambie mpaka ndege iwe juu. Asubuhi ya leo nilisema nakwenda sokoni Tandika. Sikwenda sokoni. Nimekwenda chuoni kwenu, kujiandikisha ile kozi ya jioni ya kusuka mota. Mkuu alidhani nimekuja kuomba radhi. Nilipomwambia, akanionyesha dirisha la kujiandikishia.

Nikapanga foleni na vitoto. Yule dada wa dirishani akaniuliza jina, akaniuliza umri, nilipoutaja akachungulia anione vizuri. Akaendelea, "Mzazi au mlezi wako ni nani, mzee?" Nikamwambia wote wameshatangulia mbele za haki. Akasema, "Pole. Lakini hapa hapaachwi wazi. Nataka mtu wa kuitwa ukitusumbua." Foleni nzima ikacheka, na mie nikacheka nao.

Nikamwambia, andika Zuhura.

Akauliza, "Ni nani yako?"

"Mwanangu."

"Mzee, mie nimekuuliza mlezi."

Nikamwambia ndiye huyohuyo, andika.

Baba yako
Buza